Nambari 4,294,967,297 na Lugha ya Uthibitisho katika Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili vyuoni waliagana na hisabati siku walipoweka kalamu chini baada ya mtihani wa kidato cha nne, na aghalabu hawajutii kuachana huko. Yamkini hii ndiyo sababu mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi huendeshwa bila mfano hata mmoja wa sayansi yenyewe. Upande mmoja hudai kwamba lugha haina istilahi. Upande wa pili huorodhesha istilahi kutoka kamusini, kisha huketi. Orodha haithibitishi lolote. Hakuna anayeonyesha kwamba jahazi linaelea kwa kuhesabu misumari yake.

Makala hii inafuata njia nyingine. Inateua nambari moja kubwa, 4,294,967,297, na kujaribu kueleza sifa zake kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na uthibitisho kamili wa sifa iliyo maarufu kuliko zote. Nambari hii ina historia yake. Kwa zaidi ya miaka tisini ilidhaniwa kuwa nambari tasa kwa sababu tu mwanahisabati mkubwa alikuwa amesema hivyo, na aliyekuja kumsahihisha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuna hesabu katika kurasa hizi inayozidi kuzidisha, kugawa, kujumlisha na kutoa. Msomaji anaombwa tu awe na kalamu na karatasi karibu.

Kuisoma nambari

Kabla ya kuichunguza nambari sharti itamkwe. Kwa Kiswahili inasomwa hivi: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Katika kauli hiyo moja historia ya lugha imejipanga foleni. 'Nne', 'mbili' ni za Kibantu. 'Mia', 'elfu', 'sitini', 'tisini', 'saba' na 'tisa' zimetoka katika Kiarabu. 'Milioni' na 'bilioni' zimetoka Ulaya. Hapo zamani hata 'tisa' ilikuwa na mwenzake wa Kibantu, 'kenda', ambayo sasa husikika zaidi katika ushairi na methali kuliko sokoni. Athari ya mchanganyiko huu imo hadi leo katika sarufi: husemwa 'vitabu viwili' na 'vitabu vinane', lakini 'vitabu sita' na 'vitabu saba', kwa kuwa maneno ya mkopo yalikataa kuvaa viambishi vya upatanisho.

Jambo lenye uzito zaidi ni mpangilio wa maneno. Kiswahili hutanguliza nomino kisha vivumishi vyake, na 'elfu' hufuata desturi hiyo: elfu kwanza, idadi ya maelfu baadaye. Kwa hivyo mtu anayetamka 'elfu mia tisa sitini na saba' na kunyamaza amemwachia msikilizaji kitendawili. Je, ni 967,000? Au ni 900,067? Au hata 960,007? Sarufi inaruhusu zote tatu. Katika nambari inayojadiliwa hapa utata huo unaondolewa na sehemu inayofuata, 'mia mbili tisini na saba', kwani hakuna nafasi nyingine ya kuiweka. Lakini katika kauli kama 'shilingi elfu ishirini na tano' hakuna kinachofuata, na tofauti kati ya 25,000 na 20,005 si jambo la kufanyia mzaha.

Wazungumzaji hawakungoja wataalamu wawatatulie shida hii. Wengine husema 'ishirini na tano elfu', wakiligeuza kundi la maneno ili elfu isimame mwishoni kama kizuizi. Wengine hutumia 'laki', neno lililovuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara, na kusema 'laki tisa, elfu sitini na saba'. Mbinu zote mbili zinafaa. Ajabu ni kwamba vitabu vya sarufi vinavyotumiwa madarasani huzitaja kwa nadra, vikijitosheleza kwa majedwali ya moja hadi kumi.

Umuhimu wa kuisoma nambari barabara unaonekana pindi inapowekwa kando ya jirani zake. Nambari inayoitangulia, 4,294,967,296, ni 2 iliyozidishwa kwa 2 hadi pawepo 2 thelathini na mbili. Huandikwa 2³² na kusomwa 'mbili kipeo cha thelathini na mbili'. Nambari hiyo hugawika kwa 2 tena na tena na haigawiki kwa witiri yoyote isipokuwa 1. Inayotangulia hiyo nayo, 4,294,967,295, ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537. Nambari yetu ya tatu katika safu hiyo haina kigawo chochote cha pamoja na mojawapo ya hizo mbili ila 1. Kosa la tarakimu moja tu ya mwisho humhamisha msomaji kutoka nyumba moja hadi nyingine, na wakazi wa nyumba hizo hawana undugu.

Istilahi za kugawa

Hisabati ya shule za msingi imefundishwa kwa Kiswahili nchini Tanzania kwa miongo mingi, na istilahi zinazohitajika hapa zilikwisha kuzoeleka huko. Mwanafunzi wa Kenya, ambaye hujifunza somo hilo kwa Kiingereza, huzikutana mara ya kwanza akiwa mtu mzima, na hilo lina faida yake: anaweza kuzitazama kwa jicho la mwanaisimu.

Istilahi mbili za kwanza ni 'kigawo' na 'kigawe'. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, yaani nambari zinazoigawa 12 bila baki. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36 na kuendelea, yaani nambari zinazogawika kwa 12 bila baki. Irabu moja tu ya mwisho inazitenganisha. Kwa mtu asiyejua mofolojia ya Kiswahili hii ni hatari tupu. Kwa anayeijua ni utajiri. Kiishio -o hujenga majina ya vitu vya kufanyia kitendo: kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia, ufunguo ni wa kufungulia. Kiishio -e hujenga majina ya walioangukiwa na kitendo: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa, mteule ameteuliwa. Basi kigawo ni cha kugawia, na kigawe ndicho kigawanywacho. Uhusiano wote wa kihisabati umo ndani ya irabu hiyo. Mwanafunzi anayeandika 'kigawo' mahali pa 'kigawe' hafanyi kosa la tahajia. Amemfanya mteuzi kuwa mteule.

Jozi ya pili ni 'kipeo' na 'kipeuo'. Kipeo cha pili cha 8 ni 64, kwa kuwa 8 mara 8 ni 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Hatua moja huifuta nyingine. Msomaji ataitambua mara moja -u- iliyopenyezwa katikati: ndiyo ile ya kauli ya kutendua, ifanyayo funga kuwa fungua, kunja kuwa kunjua na ziba kuwa zibua. Kipeuo ni kipeo kilichotenduliwa. Ni vigumu kufikiria lugha inayoweza kulionyesha jambo hili kwa herufi chache zaidi.

Nambari zinazogawika kwa 2 huitwa shufwa, na zisizogawika kwa 2 huitwa witiri. Maneno haya yametoka katika Kiarabu, na la pili halihitaji ufafanuzi kwa yeyote aliyelelewa karibu na msikiti, kwani sala ya witiri hupewa jina hilo kwa ajili ya rakaa zake zisizokamilisha jozi.

Inabaki istilahi moja, iliyo muhimu kuliko zote: nambari tasa. Hii ni nambari iliyo kubwa kuliko 1 na ambayo haina vigawo vingine ila 1 na yenyewe. Msomaji wa ushairi anayo njia ya karibu ya kuielewa. Mshororo wa mizani 16 hugawika katika ukwapi wa mizani 8 na utao wa mizani 8. Mshororo wa mizani 12 hugawika katika vipande viwili vya mizani 6, au vitatu vya mizani 4, ukwapi, utao na mwandamo. Lakini mshororo wa mizani 17 haugawiki katika vipande vilivyo sawa hata mtunzi afanyeje, labda aziache mizani zake zisimame moja moja. Nambari 17 ni tasa.

Dai la Fermat

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa mji wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kama wengine wanavyocheza bao. Katika barua zake za mwaka 1640 alizungumzia safu ya nambari zinazopatikana kwa kanuni moja. Anza na 2, chukua kipeo chake cha 1, cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, cha 32 na kadhalika, kila mara ukizidisha kipeo kwa mbili, kisha ongeza 1. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Ya sita ndiyo 4,294,967,297. Kwa kuwa wanahisabati huanza kuzihesabu tangu sufuri, huiita nambari ya tano ya Fermat. Makala hii itafuata desturi hiyo ili asiyejua asitatizike akikutana nayo kwingine.

Fermat alisema kwamba anaamini nambari zote za safu hiyo ni tasa. Alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho, lakini hakuficha yakini yake. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Fermat aliona mawingu matano akatangaza mvua ya milele.

Si haki kumcheka bila kupima kazi iliyokuwa mbele yake. Ili kuhakikisha kwamba nambari fulani ni tasa, inatosha kujaribu kuigawa kwa kila nambari tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo huja viwili viwili na mmoja wa kila jozi hauwezi kuzidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 4,294,967,297 kinazidi 65,536 kidogo sana. Chini ya hapo kuna nambari tasa 6,542. Kufanya migawanyo 6,542 mirefu kwa mkono ni adhabu.

Hata hivyo, kigawo kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa karibu mno. Ni 641, ambayo ni nambari tasa ya 116 tukianza na 2. Mtu mwenye subira angeifikia kwa siku chache. Fauka ya hayo, Fermat mwenyewe alikuwa na zana ya kufupisha kazi. Mwaka huo huo wa 1640 alikuwa ameeleza kanuni inayojulikana hadi leo kwa jina lake: kwa kila nambari tasa ya witiri, iite t, ukigawa 2 kipeo cha t toa 1 kwa t, baki ni 1.

Kanuni hiyo inazaa nini hapa? Tuseme t inaigawa 4,294,967,297. Basi 2³² ikigawanywa kwa t huacha baki iliyopungukiwa na t kwa moja, na kipeo chake cha pili, 2⁶⁴, huacha baki ya 1. Yaani mtu akiandika baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea, atarudi kwenye 1 akifika hatua ya 64. Hawezi kuwa alirudi mapema zaidi na kuanza mzunguko mpya, kwa kuwa mizunguko mifupi inayotoshea ndani ya hatua 64 ni ya urefu wa 1, 2, 4, 8, 16 au 32, na yoyote kati ya hiyo ingemfanya awe kwenye 1 katika hatua ya 32, mahali ambapo imekwisha kujulikana kwamba hayupo. Mzunguko basi una hatua 64 kamili. Kanuni ya Fermat inasema kwamba katika hatua ya t toa 1 yuko tena kwenye 1. Kwa hiyo t toa 1 sharti iwe kigawe cha 64.

Hitimisho la hoja hii ni la kushangaza kwa urahisi wake. Vigawo tasa vya nambari hii vinaweza kupatikana tu miongoni mwa nambari zinazozidi vigawe vya 64 kwa moja: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ukiziondoa zisizo tasa zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mgawanyo wa tano unaleta jibu. Mtu aliyevumbua kanuni hiyo hakuitumia mahali ilipomfaa zaidi, au aliitumia akakosea hesabu. Mojawapo ya hayo ni faraja kwa kila mwanafunzi aliyewahi kupata baki isiyo sahihi.

Euler

Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, Urusi, alizaliwa mwaka 1707. Mwezi Desemba 1729 aliandikiwa barua na Christian Goldbach aliyemuuliza kama alilijua dai la Fermat. Euler mwanzoni hakuonyesha hamu kubwa. Goldbach hakumwacha, na mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417. Dai lililokuwa limesimama kwa miaka tisini na miwili likaanguka kwa mfano mmoja.

Inafaa msomaji asitegemee neno la Euler kama wengine walivyotegemea la Fermat. Zidisha 6,700,417 kwa 600, upate 4,020,250,200. Izidishe kwa 40, upate 268,016,680. Ongeza 6,700,417 mara moja. Jumla ni 4,294,967,297.

Inasimuliwa pia kwamba Zerah Colburn, mtoto wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1804 na kupelekwa London na babake kuonyesha kipaji chake cha kuhesabu, alitoa kigawo 641 kichwani bila kuandika chochote, na hakuweza kueleza alivyokipata. Kisa hicho kinapendeza, lakini ndicho hasa kinachoonyesha kwa nini jibu sahihi si sawa na uthibitisho.

Uthibitisho

Kuzidisha kulikofanywa hapo juu kunatosha kuonyesha ukweli. Hakuonyeshi sababu. Uthibitisho ufuatao, ambao si wa Euler bali uliandikwa baada yake, hauhitaji nambari yenye tarakimu kumi kuguswa hata mara moja, na ndio mtihani wa kweli wa lugha katika makala hii.

Nambari 641 inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kwanza, ni 640 ongeza 1. Na 640 ni 5 mara 128, ambapo 128 ni 2⁷. Pili, ni 625 ongeza 16. Na 625 ni 5⁴, ilhali 16 ni 2⁴.

Chukua namna ya kwanza. Toa 1 kutoka kipeo cha nne cha 640. Tofauti hiyo ni zao la 639, 641 na 409,601, kwa sababu kipeo cha nne cha nambari yoyote, kikitolewa 1, ni zao la nambari hiyo toa 1, nambari hiyo ongeza 1, na kipeo chake cha pili ongeza 1. Maadamu 641 imo katika zao, tofauti nzima ni kigawe cha 641. Lakini 640 ni 5 × 2⁷, kwa hiyo kipeo chake cha nne ni 5⁴ × 2²⁸. Basi:

5⁴ × 2²⁸ − 1 ni kigawe cha 641.

Chukua namna ya pili. Zidisha 641, iliyoandikwa 5⁴ + 2⁴, kwa 2²⁸. Zao lake bila shaka ni kigawe cha 641, na zao hilo ni 5⁴ × 2²⁸ ukijumlisha na 2⁴ × 2²⁸, ambayo ni 2³². Basi:

5⁴ × 2²⁸ + 2³² ni kigawe cha 641.

Ukitoa kigawe kimoja cha nambari kutoka kigawe kingine cha nambari hiyo hiyo, tofauti yake nayo ni kigawe. Toa cha kwanza kutoka cha pili. Sehemu ya 5⁴ × 2²⁸ inajifuta. Kinachobaki ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Nambari hii basi ni kigawe cha 641, na haiwezi kuwa tasa.

Msomaji na aangalie ni maneno mangapi yalikopwa katika aya hizo. 'Kipeo', 'kigawe', 'zao', 'tofauti', 'baki' na 'tasa' zilitosha, pamoja na 'maadamu' na 'basi', viunganishi viwili ambavyo walimu wa insha huvisisitiza bila kudhani kwamba siku moja vitabeba hisabati. Lililo muhimu zaidi ni kwamba hoja ingevunjika endapo 'kigawe' kingebadilishwa kuwa 'kigawo' katika sentensi yoyote moja. Irabu ile ndiyo boriti ya nyumba.

Kigawo cha pili, 6,700,417, nacho ni tasa. Edouard Lucas, Mfaransa, aliboresha kanuni ya Euler mwaka 1878 na kuonyesha kwamba vigawo tasa vya nambari hii huzidi vigawe vya 128, si vya 64 tu, kwa moja. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, na nambari tasa za namna hiyo chini ya hapo ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Kila moja ikijaribiwa, baki ni 170, 44, 120, 334 na 622 kwa taratibu hiyo. Hakuna baki ya sufuri, na kazi imekwisha.

Neno 'tasa' na mashaka yake

Istilahi nyingine zimesifiwa hapo juu. Hii inastahili kuulizwa maswali. Wagiriki waliziita nambari hizi 'za kwanza'. Kiarabu na Kiingereza hufuata wazo lilo hilo. Kiswahili peke yake miongoni mwa hizo kimezitazama na kuona utasa.

Neno hili lina ukali wake. Mwanafunzi wa fasihi amesoma riwaya na tamthilia za kutosha kujua jinsi 'tasa' inavyotumiwa kumsimanga mke kwa jambo ambalo huenda si lake. Si kosa la nambari kwamba neno lake linatoka huko, lakini darasani neno haliingii bila mizigo yake.

Mashaka makubwa zaidi ni ya kihisabati. Tasa ni kiumbe kisichozaa. Je, nambari tasa hazizai? Kila nambari kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la nambari tasa, tena kwa namna moja tu ukiacha mpangilio wa kuziandika. Nambari 4,294,967,297 imezaliwa na 641 na 6,700,417 na haina wazazi wengine. Nambari zilizoitwa tasa ndizo mababu wa nambari zote. Neno linasema kinyume cha ukweli huo, kwa kuwa limetazama upande wa kugawa tu na kusahau upande wa kuzidisha.

Vilevile, kwa neno lenyewe 1 ingekuwa tasa kuliko zote, kwani haigawiki kwa chochote ila yenyewe. Ilhali 1 haihesabiwi kuwa nambari tasa. Ikihesabiwa, ile kauli ya 'namna moja tu' inaanguka, maana mtu angeweza kuongeza 1 katika zao mara nyingi apendavyo. Hapa fasili inapingana na neno, na mwalimu hana budi kufuata fasili.

Pamoja na hayo, pendekezo la kulitupa neno halina nguvu. Limekwisha kuingia katika vitabu na vinywa, na istilahi mbadala ya 'nambari za kwanza' ingewachanganya wanafunzi na 'ya kwanza' ya mpangilio. Kiswahili kina istilahi nyingi zilizodumu licha ya sitiari zake kuyumba. Linalofaa ni kwamba istilahi hii ifundishwe pamoja na mashaka yake, kama vile sitiari yoyote inavyofundishwa katika somo la ushairi: inafanana na nini, na mfanano unakoma wapi.

Nambari za Fermat zenyewe zinalishuhudia hilo. Goldbach alieleza katika barua ya mwaka 1730 kwamba hakuna mbili kati yake zilizo na kigawo cha pamoja kinachozidi 1. Kwa mfano huu: 4,294,967,297 inazidi zao la zile tano zinazoitangulia kwa 2 tu, hivyo kigawo chochote cha pamoja kingelazimika kuigawa 2, na hakuna shufwa inayogawa witiri. Kwa kuwa safu haina mwisho na kila mmoja wake huja na vigawo tasa visivyoonekana kwa wenzake, nambari tasa nazo hazina mwisho. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minane, alionyesha kwamba pembenyingi yenye pande 17 zilizo sawa inaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, kwa sababu 17 ni nambari tasa ya Fermat. Kwa kazi hiyo hiyo inajulikana kwamba pembenyingi yenye pande 4,294,967,295 ingechorwa vivyo hivyo na mwenye karatasi na umri wa kutosha. Yenye pande 4,294,967,297 haichoriki kamwe.

Baada ya 65,537 hakuna nambari tasa nyingine iliyopatikana katika safu hiyo. Kuanzia ya tano hadi ya thelathini na mbili zote zimethibitishwa kuwa si tasa; hali ya thelathini na tatu haijulikani. Ya sita iligawanywa na Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka zaidi ya themanini, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Ya ishirini ina tarakimu 315,653. Mwaka 1987 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba si tasa, kwa jaribio linalochunguza baki ya kipeo fulani bila kutafuta kigawo chochote. Kufikia sasa hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana. Kwa Kiswahili mtu hulazimika kusema kwamba nambari hiyo si tasa, na mtoto wake hajaonwa na mtu.